Vidonge vya Macho vya Dakta Rombout

Mvua ndiyo iliyomwingiza Rombout mkahawani kwa Mama Zulma. Mengine yote ni yake mwenyewe, tusiisingizie mvua. Alikuwa ametoka kituo cha reli cha Ninove, viatu vimelowa, koti limelowa, na mkononi ana begi zito ambalo kwa wiki nzima lilikuwa likimtia uchungu.

Ndani ya begi mlikuwa na vidonge vyeupe visivyo na jina wala maandishi. Alivipata bandarini Antwerp kwa kubadilishana: yeye alitoa saa za mkononi zisizotembea, mwenzake akatoa vidonge, na kila mmoja akaondoka akimcheka mwenziwe. Rombout alicheka hadi alipojaribu kuviuza. Vilikuwa vidonge vya nguvu za kiume, dawa ya heshima ya ndoa, na huku kwetu bidhaa hiyo haina mnunuzi. Si kwamba haihitajiki, la hasha. Ni kwamba wanaume wetu wote, kwa maneno yao wenyewe, ni wazima buheri wa afya, tena wanakusikitikia wewe uliyeuliza. Alikuwa amefukuzwa kwenye mikahawa ya Aalst, akafukuzwa na ya Zottegem, na sasa alikuwa anafikiria kulitosa begi mtoni.

Aliagiza kahawa, akakaa karibu na jiko. Kwenye meza kubwa ya katikati walikuwa wamejazana wazee, vichwa vimegusana, kama watu wanaosoma wosia. Katikati yao alikuwamo njiwa mmoja wa kawaida kabisa, ameshikwa mkononi na Achiel, muuza nyama mstaafu mwenye tumbo la kuheshimika. Mwenzake aliyeitwa Odilon, mzee mwembamba wa miwani, alikuwa ameinama na lenzi ya sonara akichungulia jicho la yule ndege.

"Jicho hili limekufa," alisema Achiel.

"Limekufia wapi? Wewe ndiye uliyekufa, ila hujatangaziwa."

"Basi niambie, kiduara unakiona?"

Odilon akachungulia tena. Akakohoa. "Nakiona," akasema, kwa sauti ya mtu asiyekiona.

Hapa yafaa mjue imani ya wafuga njiwa wetu. Wao husema mbio haziko kwenye bawa, ziko kwenye jicho. Pembeni mwa mboni ya njiwa kuna kiduara chembamba mno. Ukikiona na rangi yake ukaipatia, umemjua bingwa kabla hajaruka. Asiyekiona hunyamaza, kwa sababu bora ukose njiwa kuliko kukosa jicho la kumtazamia.

Rombout alikisahau kikombe chake. Alikumbuka kwamba alipovipata vile vidonge alimeza kimoja, kwa uchunguzi wa kibiashara, kama alivyojiambia, na mchana ule Antwerp yote ikawa imepakwa buluu. Maziwa ya buluu, mashuka ya buluu, paka mweupe wa jirani naye wa buluu. Taa zilimchoma macho, akadhani anakufa. Baada ya saa chache ikapita. Sasa, akiwatazama wazee wale wanavyokodoa macho, akili yake iliruka sarakasi. Dawa isiyouzika kwa kazi yake, si itauzika kwa kosa lake?

Akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Wazee wangu, niwieni radhi kuwaingilia. Naitwa Dakta Rombout."

"Daktari wa nini?" aliuliza Mama Zulma kutoka kaunta. Mama huyu ana mikono minene na hana subira, na mkahawa ule ni wake tangu mumewe afariki.

"Wa macho, mama."

"Ya watu au ya njiwa?"

"Ya watu wanaotazama njiwa." Akaweka kichupa mezani taratibu. "Utafiti wa miaka mingi, wazee wangu. Kidonge kimoja tu, jicho linafunguka, mtu anaona yaliyofichika. Nimekiita Jicho la Mwewe."

Achiel akamfunika njiwa wake kwa mkono wa pili.

"Mwewe," alisema Odilon polepole, "kanimalizia makinda yangu yote ya mwaka juzi."

"Hilo ni jina la maabara!" Rombout alidakia bila hata kupepesa. "Madukani kinaitwa Jicho la Alfajiri. Mwewe mwenyewe hata akikisikia anakimbia."

Wakapumua. Akaendelea, na hapa tumtendee haki: Rombout alikuwa tapeli, hakuwa muuaji. "Jambo moja, nalisema kwa herufi kubwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye ile dawa ya kupuliza chini ya ulimi, asikiguse hiki. Vikikutana mwilini presha inaporomoka, mtu haamki." Mzee mmoja aliyekaa pembeni akasogeza kiti chake nyuma kimyakimya, na wenzake wakajifanya hawakumwona.

"Sawa," alisema Achiel. "Onja."

"Naam?"

"Hapa kuna desturi. Zamani alikuja mtu na mahindi ya njiwa, mazuri, yanang'aa. Tukazika nusu ya ndege wa mji. Tangu siku hiyo, aliyeleta ndiye aonjaye kwanza."

Kwa bahati Rombout alikuwa mpenzi wa peremende, nyeupe, za duara. Kiganja chake kilipopita juu ya kichupa, kidonge kiliingia mkononi mwa shati na peremende ikaingia mdomoni. Akaimeza kwa uso wa mtu anayejitolea kwa ajili ya sayansi.

"Na cha pili," alisema Achiel. "Kwetu mtu hasimami kwa mguu mmoja." Hivyo ndivyo wasemavyo huku wakikuongezea bia, na hakuna aliyewahi kulikataa neno hilo akabaki rafiki. Rombout akameza peremende ya pili.

Wazee nao wakameza, mmoja mmoja, wakashushia kwa bia. Mvua ikaendelea. Baada ya kama saa moja hivi Achiel akachukua lenzi, akamwinamia njiwa, kisha akaruka kiasi cha kumwaga glasi.

"Mama yangu mzazi! Kiduara! Kinang'aa, cha buluu!"

Lenzi ikagombewa. "Na mimi nakiona!" "Hata mimi!" "Buluu tupu, kama mbingu!" Kila aliyekiona alikitangaza haraka, kisha akanyamaza na kutazama bia yake, masikio yamekuwa mekundu. Rombout akadhani ni furaha.

Odilon ndiye aliyetazama kwa muda mrefu kuliko wote. Akavua miwani, akaifuta. Akatazama bakuli la sukari. Akatazama aproni ya Zulma. Mwisho akamtazama Rombout.

"Naona, dakta," akasema. "Naona vizuri sana."

Vichupa alivyotoa begini vikaisha siku ileile.

Ikawa kila Jumapili Dakta Rombout anashuka na treni, na Ninove inamngoja. Wazee walinunua bila kubishana, kila mmoja akitazama nyuma yake, na aliyeulizwa kama bado anaona alijibu anaona kupita jana. Wake zao waliona matokeo mengine ambayo hayakuwamo kwenye tangazo. Mke wa Achiel, ambaye kwa miaka mingi alimwita mumewe "wewe", alianza kumwita kwa jina lake. Buchani kulisikika watu wakiimba. Rombout alinunua viatu vipya, akaanza kuamini kidogo kwamba kweli ni daktari. Mtu akiitwa hivyo asubuhi na jioni, atafanyaje?

Na angekomea hapo angekuwa tajiri wa wastani hadi leo. Lakini Jumapili moja Odilon alimpeleka nyumbani kwake, ukuta kwa ukuta na mkahawa, akampandisha ngazi hadi bandani.

"Huyu ndiye Bi Harusi," akasema.

Alikuwa njiwa jike, mweupe pe pe pe, hana doa hata kwenye kucha. Njiwa weupe wa mbio ni wachache, na wenye hekima huwadharau. Huyu aliwaumbua. Alishinda mbio za kutoka kusini kabisa mwa Ufaransa, siku ya upepo wa mbele ambapo madume ya watu yalilala njiani.

"Irma ndiye aliyemlea," alisema Odilon. "Mke wangu. Mama yake njiwa alimkataa, Irma akamweka kwenye boksi la viatu kando ya jiko, akamlisha kwa kidole. Mwaka uliofuata Irma akaaga dunia. Kaniachia huyu tu anayejua mluzi wake."

Rombout alisikitika kwa uso wote. Jioni ileile alimpigia simu bwana mmoja aliyefikia hoteli ya karibu na uwanja wa ndege wa Brussels, mgeni kutoka mbali sana anayenunua njiwa mabingwa kama wengine wanavyonunua michoro. Bwana yule alitaja bei, na Rombout ikabidi aketi. Ilikuwa bei ya nyumba, tena yenye bustani. Tangu hapo hakutaka kitu kingine duniani ila yule njiwa.

Alimbembeleza Odilon kwa kila njia. Alitaja pesa, mzee akatikisa kichwa. Akaongeza, mzee akatikisa tena. Alisema Bi Harusi anahitaji hali ya hewa ya joto, mzee akasema basi atamwashia jiko. Rombout alikuwa ameanza kukata tamaa Odilon alipompigia simu, siku ya Ijumaa.

"Dakta, una vidonge vingapi vimebaki?"

"Begi zima, mzee wangu."

"Nataka vyote. Visibaki hata kwenye mfuko wa koti. Njoo navyo Jumapili, nitakupa Bi Harusi."

Simu nusura imponyoke. "Vyote? Peke yako?"

"Wenzangu wasione wanachoona sasa," alisema mzee. "Ndicho ninachotaka."

Rombout alikata simu akajitazama kwenye kioo. "Tamaa!" akakiambia kioo, akitikisa kichwa kwa huzuni. "Tamaa imempofua mzee wa watu."

Jumapili ile jua liliwaka, jambo ambalo huku kwetu hutangazwa redioni. Mkahawa ulijaa. Achiel alikuwa amekaa kona ya giza na miwani myeusi usoni.

"Vipi macho, mzee Achiel?"

"Mwanga tu," alijibu Achiel, wala hakusema zaidi.

Begi likawekwa mezani, likafunguliwa. Rombout akajiandaa na peremende zake, lakini Mama Zulma alimtangulia. Alichovya mkono begini, akatoa vidonge viwili, akaviweka kwenye kisahani pamoja na glasi ya maji, kisha akamshika Rombout kifundo cha mkono. Mkono wa Zulma umebeba mapipa ya bia maisha yake yote.

"Biashara kubwa, onjo kubwa," akasema. "Meza, baba."

"Mama Zulma, leo tumbo langu..."

"Aliyeleta ndiye aonjaye. Au una wasiwasi na dawa yako?"

Mkahawa mzima ulikuwa unamtazama, na kwenye kikapu cha matete kando ya Odilon kulisikika kucha zikikwaruza. Nyumba yenye bustani. Rombout akameza kimoja.

"Mguu mmoja huo," sauti ya Achiel ilitoka gizani.

Akameza cha pili.

"Fungua mdomo. Inua ulimi." Zulma akachungulia. "Vimekwenda."

Odilon alimtoa Bi Harusi kikapuni mara moja, akambusu kichwani, akamrudisha, akafunga kifuniko kwa kamba. Akatia sahihi kadi ya umiliki yenye namba ya pete ya mguuni, akampa Rombout.

"Kanuni yetu inasema muuzaji amwambie mnunuzi ukweli," akasema. "Basi sikia. Usifungue kikapu hiki njiani, hata kidogo. Mpaka uwe ndani kwako, mlango umefungwa na dirisha limefungwa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee wangu."

"Wote mmesikia nimemwambia?"

"Tumesikia," waliitikia wazee kwa pamoja.

Rombout alitoka mbio mbio, kikapu kifuani. Treni ya Brussels ilikuwa bado, akakaa kwenye benchi la jukwaani, jua usoni. Akajipigia hesabu ya bustani: apande mapea, au aweke kiti tu?

Alikuwa bado hajaamua, dunia ikaanza kuingia buluu. Kwanza ukuta wa kituo, uliopakwa chokaa, ukawa kama umemwagiwa maji ya nili. Kisha mistari myeupe ya jukwaani. Kisha mtoto aliyekuwa akilamba aiskrimu ya maziwa, na ile aiskrimu. Jua likaanza kumchoma mpaka machozi yanatoka. Rombout hakushtuka, maana aliijua dawa yake. Itapita, akajiambia. Akainama kuchungulia kwenye upenyo wa kikapu, apoze moyo.

Njiwa aliyekuwamo alikuwa wa buluu.

"Ni vidonge hivi," akajiambia. Akakaa vizuri.

Kisha likamjia wazo, na wazo hilo ndilo lililommaliza. Kwa nini Zulma alimmezesha? Wiki zote wameridhika na kiganja chake, leo wamkague hadi chini ya ulimi? Na kwa nini leo hasa, siku ya kununua njiwa mweupe? Kwa sababu mtu aliyemeza vidonge viwili hawezi kumtofautisha mweupe na wa buluu! Wamemwonyesha Bi Harusi mara moja, wamembusu, wamemrudisha, na pale kwenye kamba wamembadilisha. Wamemtia kikapuni njiwa wa kawaida, wa rangi ya kijivu ambayo wafugaji huiita buluu, wa bei ya sahani ya chipsi. Ndiyo maana "usifungue njiani"!

Kilichomthibitishia ni kwamba yeye mwenyewe angefanya hivyohivyo, tena kwa ustadi zaidi.

Lakini Rombout hakuwa mjinga. Alitoa leso yake, nyeupe, iliyopigwa pasi asubuhi. Sasa ilionekana ya buluu, vizuri. Ikiwa njiwa na leso ni buluu ya namna moja, njiwa ni mweupe. Ikiwa njiwa amekolea kuliko leso, Rombout ametapeliwa. Hata profesa asingepata njia iliyo safi kuliko hiyo. Kilichotakiwa ni kuvilaza pamoja juani, unyoya kwa kitambaa. Kwenye upenyo haikuwezekana, mle ndani kulikuwa na giza.

Akafungua kamba. Akainua kifuniko kidogo tu, upana wa kiganja, akaingiza mkono, akaupata ubawa, akauvuta taratibu ukakaa juu ya leso.

Buluu ileile! Haikuzidi wala kupungua!

"Ni wewe!" alilia Rombout kwa furaha. "Ni wewe mwenyewe, Bi Harusi wangu!"

Ni yeye mwenyewe, na ndiyo sababu alijua la kufanya. Kifuniko kilimgonga Rombout kidevuni, mbawa zikampiga mashavuni, na alipofumbua macho yake yenye machozi aliona kitu cha buluu kikizunguka mara moja juu ya paa la kituo, kikakaza mwendo kuelekea mjini.

"Bi Harusi!" alipiga kelele, leso mkononi. "Bi Harusi! Rudi!"

Mama mmoja mwenye watoto alimsogelea, akamshika bega. "Pole, kaka. Dada yangu naye alimkimbia bwana harusi wake mlangoni pa kanisa. Utapata mwingine."

Alirudi mjini akikimbia, mkono mmoja kwenye macho na mwingine kwenye kikapu kitupu. Mkahawani hakukuwa na mtu ndani. Wote walikuwa wamekaa uani, juani na kivulini, sahani za jibini mezani, nyuso zimeelekezwa juu. Kwenye paa la Odilon, mbele ya kitundu cha banda, njiwa alikuwa akijichambua manyoya kwa raha zake.

"Yule ni wangu!" alihema Rombout. "Nina kadi!"

"Ni wako," alisema Odilon bila kuinuka. "Kadi haina ubishi. Twende polisi, wakuandikie. Wataniuliza tu ulinilipa nini."

Rombout akatazama meza moja baada ya nyingine. "Begi langu liko wapi?"

"Kwa mfamasia wa zamu," alisema Mama Zulma. "Nimelipeleka mwenyewe. Kalifungua, kashika kichwa. Kasema hata yeye hajui mmetiwa nini mle. Viharibiwe vyote."

"Vyote," alisema Odilon, akimtazama Achiel.

"Nimeshapekuliwa mifuko!" Achiel alilalamika. "Soksi nazo! Mnataka nini tena?"

Rombout alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Mlijua," akasema. "Tangu lini?"

Hapo wazee wakaanza kutazama viatu vyao. Odilon ndiye aliyejibu.

"Tangu siku ya kwanza. Mwanangu, mimi ninavyo vya daktari, vidonge vya namna hii, mwaka wa sita sasa. Nilianza Irma akiwa hai. Siku ya kwanza niliona nyumba nzima ya buluu nikadhani malaika wamenifuata. Daktari akanipunguzia kipimo, kukatulia. Kwa hiyo nilipoona sukari ya Zulma imegeuka buluu, nilijua ninameza nini."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme nimejuaje?" Mzee akatazama kando. "Mbele ya Achiel?"

"Na mimi niseme mbele yake yeye?" aliguna Achiel. "Wote tulijua! Kila mtu hapa ana karatasi ya daktari nyumbani, kaificha kwenye kopo la mahindi ya njiwa. Tumekulipa wiki zote hizi ili tusiulizane. Wewe huuzi dawa ya macho, bwana, unauza dawa ya aibu."

Uani kulicheka hata aliyekuwa amekaa mbali.

"Ingeendelea hivyo," alisema Odilon, naye hakucheka. "Lakini huyu mjinga alimeza ya daktari na ya kwako siku moja. Alhamisi kaamka jicho la kulia lina ukungu, haoni nusu ya mke wake."

"Nusu nzuri," alisema Achiel, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Walimkimbiza hospitali. Limerudi, Mungu ni mwema. Ndugu yangu Jeroom, kabla hujaja huku, lake halikurudi. Aliamka asubuhi, jicho moja pazia limeshuka. Daktari alisema ni nadra, moja katika watu wengi mno, labda ni vidonge, labda umri. Jeroom alikuwa amesubiri mpaka Jumatatu kwa kuona haya. Sasa anamimina kahawa nje ya kikombe. Basi Alhamisi ile nikamwita kila mtu hapa, nikasema mbele yao wote ninachomeza na tangu lini. Uso ulikuwa unawaka moto. Baada yangu wakasema wote, ndipo tukakubaliana begi lako litoke mjini."

"Ukalinunua kwa Bi Harusi."

"Ulikuwa humtaki mwingine."

Rombout alimtazama mzee. Kazi yake ilikuwa kuzijua nyuso, na uso ule haukuwa na ujanja wowote. "Lakini ulijua atarudi. Ni mtego wenu wa siku nyingi, siyo? Mnamuuza, anarudi, mnamuuza."

"Njiwa huyu akiachiwa, popote pale, hurudi hapa. Ndiyo maana nilikuambia usifungue. Nilikuambia mbele ya watu."

"Na kama nisingefungua?"

Odilon alitazama juu ya paa. "Ningelia," akasema.

Rombout aliwahi kutapeliwa mara nyingi maishani, na kila mara alitoka na hasira iliyomfaa safarini. Leo aliitafuta hasira hiyo hakuiona. Amedanganywa na nani? Mzee alimwambia ukweli, naye kwa sababu hajawahi kumwambia mtu ukweli, hakuutambua alipoambiwa yeye.

"Ingia kivulini," alisema Zulma, akimsogezea kiti. "Umemeza viwili. Jicho moja likianza kufifia ghafla, useme hapohapo, gari liko mlangoni. Usione haya kama Jeroom. Kifua hakikuumi?"

"Hakiniumi, mama."

Wakakaa naye. Walimtazama macho kwa zamu, kwa lenzi ileile ya njiwa, na Achiel alitangaza kwamba hana kiduara hata kimoja, hafai kwa mbio. Zulma akaleta kahawa na kijagi cha maziwa. Maziwa yalikuwa ya buluu, kisha jua lilivyokuwa likishuka yakawa ya buluu ya maji, na baadaye Rombout akachungulia kijagi akakuta maziwa tu.

Akainua macho juu ya paa.

"Ni mweupe," akasema.

"Pe," alisema Odilon.

Rombout akatoa ile kadi mfukoni, akaomba kalamu, akatia sahihi ya kumrudishia mzee njiwa wake.

"Unamuuza kiasi gani?" aliuliza Odilon.

"Hii kahawa. Sina nauli, mzee wangu, lakini nina kiu."

"Basi usiage kwa mguu mmoja," alisema Zulma, akammiminia kikombe cha pili.

Odilon alisimama, akatikisa kopo la mahindi, akapiga mluzi, sauti tatu za kushuka. Haukuwa mluzi wake, ulikuwa wa Irma, hata midomo yake haikuujua vizuri. Bi Harusi aliinamisha kichwa, akasikiliza, akaingia bandani. Mzee alibaki amesimama pale na kopo lake, kisha akavua miwani akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Vipi macho, mzee wangu?" aliuliza Rombout.

"Mwanga tu," alisema Odilon, na jua lilikuwa limeshazama.